Miguu Inayovimba Katika Ukoo Mmoja

Mazungumzo ya mfanyakazi wa jamii, Makazi ya Wakimbizi ya Rwamwanja, Wilaya ya Kamwenge



Maneno haya niliyasema kwa mdomo katika vijiji vitatu vya makazi yetu. Wengi walikuwa shambani, wengine walikuwa kwenye foleni ya chakula, kwa hiyo nimeombwa niyaandike ili yasomwe na wale ambao hawakufika. Kama wewe unajua kusoma, msomee na jirani yako.

Habari hii inaanzia Kampala, upande wa Kawempe, katika mtaa wa Bwaise. Wengi wenu mna ndugu pale, na najua kwamba maneno ya posa iliyovunjika yalifika hapa kambini kabla hatujashuka kwenye basi. Mengine niliyoyasikia si kweli. Mama mwenye habari nimemwomba ruhusa, akanijibu: "Mwanangu, sema. Mguu hauna siri, kila mtu anauona. Ila majina yetu yaache." Majina nimeyaacha.

Binti yake anauza mboga katika soko la Kalerwe. Amepata mchumba, kijana wa kwetu Kivu anayeishi Bwaise na wazazi wake. Siku ya wazee kukutana, mama huyu alinichukua niwasindikize yeye na kaka yake, kwa sababu mimi ninaijua njia na ninasikia Kiganda kidogo. Tulifika mvua imetoka kunyesha. Anayeijua Bwaise anajua maana yake: maji yanaingia nyumbani, watu wanapanga mifuko ya mchanga mlangoni. Tukapita juu ya mawe. Wengine walivua viatu mlangoni, lakini mama hakuwa na cha kuvua. Miguu yake yote miwili imevimba kutoka vidoleni hadi chini ya goti, ngozi imekuwa ngumu yenye vinundu, na hakuna kiatu kinachoingia. Alikuwa ameifunika kwa kitenge, lakini kilikuwa kimelowa ikabidi akipandishe. Halafu mjomba naye akaketi, na mguu wake wa kushoto ukaonekana.

Soda zililetwa, hazikufunguliwa. Mshenga akaniita nje, akaniuliza kwa sauti ya chini: "Kijana, wenye nyumba wanauliza, hiyo miguu ni ya ukoo?" Sikuwa na jibu. Nilisema sijui. Tulirudi ndani, wakazungumzia bei ya mahindi na vita vya nyumbani, mahari haikutajwa, na jioni tukaaga. Binti alikuwa jikoni nyuma ya pazia, anasikia yote.

Siku ile nilimkasirikia mshenga. Sasa naona swali lake lilikuwa swali la haki, nami ndiye niliyekosa jibu. Niliporudi nilikwenda kwa wahudumu wa afya, nikauliza, nikapewa vitabu nikasoma. Jibu ni kwamba ndiyo, ugonjwa huu una njia yake katika ukoo. Lakini kinachopita katika ukoo ni kitu kingine kabisa na kile walichokiogopa wenye nyumba.

Kwanza tuujue ugonjwa wenyewe. Sisi tunasema matende, au mguu wa tembo. Kuna matende ya namna mbili, na watu huyachanganya. Ya kwanza huletwa na minyoo midogo sana inayoingizwa mwilini na mbu. Hayo yapo mwambao wa bahari, yapo pia kaskazini mwa Uganda. Ya pili hayana mnyoo wala mbu. Yanatokana na udongo. Waganga huyaita podokoniosisi, neno lililotungwa kutoka Kigiriki, likiwa na maana ya mguu na vumbi. Aliyelitunga ni daktari mpasuaji Mwingereza, Ernest Price, aliyeuchunguza ugonjwa huu huko Ethiopia katika miaka ya 1970. Huko Ethiopia inakadiriwa kuwa watu wapatao milioni 1.5 wanao. Rwanda walipopima nchi nzima walipata wagonjwa 914, na hakuna wilaya iliyokosa.

Msidhani ni mambo ya mbali. Mwaka 2015 Wizara ya Afya ya Uganda ilipata taarifa ya miguu inayovimba katika wilaya moja ya magharibi, ikatuma wachunguzi. Wilaya hiyo ni Kamwenge, hii tunayoishi. Walikuta watu 52 waliodhaniwa kuwa na ugonjwa, na kati yao 40 wakahesabiwa kuwa yaelekea wanao kweli. Walipimwa damu kutafuta minyoo ya mbu, haikuonekana. Basi wachunguzi wakawalinganisha wagonjwa hao 40 na watu wazima wa afya 80 wa maeneo yale yale. Kati ya wagonjwa 40, watu 37 hawakuwa wanavaa viatu kazini hata siku moja. Tena, waliosubiri kunawa miguu hadi mwisho wa siku waliugua zaidi kuliko walionawa mara tu baada ya kazi.

Hapa naomba msimame kidogo. Kati ya wale 80 wenye afya, 54 nao hawakuwa wanavaa viatu kazini. Walikanyaga udongo ule ule, mvua ile ile, jembe lile lile. Miguu yao ni mizima. Kwa nini?

Nitaeleza udongo unavyofanya kazi, halafu nirudi kwenye swali hili, kwa maana ndipo ukoo unapoingia.

Udongo unaohusika ni ule uliotokana na mawe ya volkeno, katika nchi za juu zenye mvua nyingi. Sisi tuliozaliwa karibu na milima ya Virunga tumelelewa juu yake, na tunaupenda kwa sababu unazaa. Ndani yake mna chembe ndogo za madini ambazo jicho halizioni. Mtu akitembea pekupeku miaka na miaka, chembe hizo hupenya kwenye ngozi ya nyayo, zikaingia katika mishipa ya limfu. Hiyo ni mifereji myembamba inayoondoa majimaji kutoka miguuni na kuyarudisha katika damu. Mwili ukizikuta chembe hizo unazipiga vita. Vita hiyo huacha makovu, na mifereji huziba polepole. Walioishi Bwaise wataelewa upesi: mtaro ukiziba, maji hayana pa kwenda, yanarudi nyumbani kwa watu. Ndivyo mguu unavyojaa.

Sasa, wale 54. Mkulima yeyote hapa anajua kwamba ukipanda maharage ya aina mbili katika shamba moja, mvua ikizidi, aina moja inaoza na nyingine inasimama. Hakuna aliyeyaroga yale yaliyooza. Mbegu yake tangu mwanzo haikuwa na nguvu ya kushindana na maji mengi. Mvua ingekuwa ya wastani, yangezaa vizuri, wala usingejua kwamba yana udhaifu wowote.

Binadamu naye ana mambo ya namna hiyo, tunayorithi kwa wazazi, nusu kwa baba na nusu kwa mama. Yanaitwa jeni. Daktari Price aliona kwamba ugonjwa huu unarudia katika familia fulani, na mwaka 1972 aliandika kwamba huenda kuna jambo la kurithi ndani yake. Baadaye watafiti walizifuatilia familia nyingi huko Wolaita, kusini mwa Ethiopia, wakaona kwamba ndugu wa mgonjwa, wa baba na mama mmoja, ana hatari takribani mara 5 kuliko mtu mwingine wa hapo. Halafu mwaka 2012 mtaalamu wa Ethiopia, Fasil Tekola Ayele, pamoja na wenzake, walitangaza kwamba wamepata mahali penyewe. Walichukua wagonjwa 194 na watu wasio na ugonjwa 203, wakalinganisha jeni zao, kisha wakahakikisha kwa familia 202. Tofauti ilikuwa katika jeni zinazoitwa HLA.

Jeni hizi kazi yake naweza kuifananisha na karani anayesimama mlangoni siku ya mgao. Anaangalia kadi: huyu ni wa hapa, huyu si wa hapa. Akimwona asiye wa hapa, anawaita walinzi. Kila mtu amerithi makarani wake, na hawafanani. Kuna makarani ambao wakiziona chembe za udongo hawashtuki sana. Kuna wengine wanaopiga kelele kubwa, walinzi wanakuja kwa fujo, na katika fujo hiyo wanaharibu nyumba yao wenyewe. Mtu mwenye makarani wa namna hii akikanyaga udongo wa volkeno kila siku, miguu yake inaharibika. Asipoukanyaga, makarani hao hawana la kuitia walinzi, naye ataishi mpaka uzee bila kujua kwamba anao.

Wazee wawili hawakuridhika hapo. Mmoja alisema: "Kilichoandikwa katika damu kimeandikwa." Nilimheshimu, lakini nilimpa mfano wa ugonjwa mwingine. Kuna ugonjwa unaitwa maltipo sklerosisi, ambao ni mwingi Ulaya na Marekani ya Kaskazini, na kwetu ni nadra. Katika ugonjwa huo walinzi wa mwili wanashambulia ngozi inayofunika mishipa ya fahamu katika ubongo na uti wa mgongo, na mtu anaweza kupoteza nguvu za miguu au kuona vibaya. Nao unapita katika familia, na jeni zinazohusika zaidi ni za kundi hili hili la HLA. Waganga wa huko waliwachunguza mapacha wa kufanana, ambao jeni zao ni zile zile. Kama kilichoandikwa katika damu kingekuwa mwisho wa maneno, basi pacha mmoja akiugua, mwenzake angeugua siku zote. Haiko hivyo. Katika mapacha wanne ambao wenzao wameugua, kwa makadirio mmoja ndiye anayeugua naye. Watatu hawaugui. Ziko sababu nyingine nje ya jeni, na kwa ugonjwa ule wa Ulaya bado wanazitafuta zote. Sisi kwa huu wa miguu tunaijua ile kubwa, ni udongo. Katika hilo sisi tuna bahati kuliko wao.

Mzee wa pili aliuliza kama si sawa na selimundu, kwa kuwa nao ni wa kurithi na umewaua watoto wengi hapa. Swali zuri. Selimundu ni tofauti. Baba na mama wakiwa wote wawili wamebeba jeni ya selimundu, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kutoa mtoto mgonjwa, na mtoto huyo ni mgonjwa tangu kuzaliwa, umvishe nini, umlishe nini. Kwa sababu hiyo ni vizuri wachumba wapime damu kabla ya ndoa. Lakini huu wa miguu hakuna anayezaliwa nao. Mtoto anazaliwa na miguu mizuri, na kinachoamua zaidi ni wapi tunaikanyagisha.

Kuna lingine linalosemwa sana hapa kambini, kwamba mguu huu unaambukiza. Yule mama ameishi na mume wake miaka mingi mpaka mume alipofariki, wakilala kitanda kimoja, wakinawa beseni moja. Mume hakuvimba hata kidole. Hauambukizi kwa kugusana, wala kwa chakula, wala kwa beseni, wala kwa kulala pamoja. Nimeona watu wakimwekea kikombe chake peke yake. Acheni, tafadhali.

Pia si laana, na si kukanyaga dawa za mchawi. Najua wapo watakaonibishia. Lakini mchawi gani anayeroga tu watu wasio na viatu?

Sasa niseme mambo ya viatu, na hapa nitawagusa wengine, nami nikiwa wa kwanza. Mwaka 2012 tulipofika Rwamwanja nilikuwa mtoto. Nilipewa jozi moja. Mama yangu aliifunga kwenye mfuko akaipachika juu, ikawa ya kanisani na ya shule. Nikirudi navua, nakwenda kuteka maji na kulima pekupeku. Nadhani nyumba nyingi hapa ziko hivyo mpaka leo. Tunaona kiatu ni nguo ya heshima. Katika jambo hili kiatu ni kama chandarua, kinafaa saa ya hatari, na saa ya hatari ni shambani, njiani, na kwenye udongo uliolowa. Kama una jozi moja tu, afadhali umvishe mtoto akienda shambani kuliko akienda kanisani. Mungu ataelewa.

Kandambili ni bora kuliko kutokuwa na kitu, lakini vumbi na tope vinaingia pembeni. Makatambuga ya matairi ni vivyo hivyo. Kinachofaa zaidi ni kiatu kinachofunika mguu wote, na kwa shambani mabuti ya mpira, yakaushwe usiku. Mliokuwa mmegawiwa mkauza, siwalaumu, njaa ninaijua. Nasema tu kwamba mlichouza kilikuwa dawa. Na asiye na kiatu kabisa leo, maji na sabuni anavyo: anawe miguu mara tu anapoweka jembe chini, asingoje jioni. Nyumbani nako, sakafu ya vumbi ifunikwe, hata kwa mkeka.

Mambo haya ni ya watoto wote wa hapa, ila kwa nyumba ambayo babu, shangazi au mjomba ana mguu, yawe amri. Wengine wameniuliza kama kuna kipimo cha damu cha kujua mtoto gani amerithi. Hatuna haja nacho. Hata tukimjua, tutakachomwambia ni kile kile, avae viatu.

Dalili za mwanzo zijueni, maana ugonjwa ukikamatwa mapema mguu unaweza kurudi. Mara nyingi unaanza katika ujana. Ngozi ya juu ya mguu na katikati ya vidole inawasha. Usiku nyayo zinawaka moto. Mguu unavimba jioni, na asubuhi umepungua, kwa hiyo mtu anajidanganya kwamba amepona. Uvimbe huanza chini, vidoleni na mguuni, ukapanda polepole, na ni mara chache kupita goti. Kwa kawaida ni miguu yote miwili, ingawa mmoja waweza kuutangulia mwingine. Hilo nalo husaidia kuutenganisha na matende ya mbu, ambayo mara nyingi huanza juu zaidi. Yule mama alianza kuwashwa akiwa na miaka 19, kabla ya kuolewa. Aliambiwa ni baridi. Kisha kliniki moja ya mjini ilimuuzia dawa za minyoo ya mbu mara nne, bila kumpima. Pesa zilikwisha, mguu ukabaki.

Kwa ambao mguu umeshavimba, msikate tamaa. Hautarudi kama wa mtoto, lakini unaweza kupungua, harufu ikaisha, na homa zile zikapungua. Kazi ni ya kila siku. Osha mguu kwa maji safi na sabuni, taratibu, hasa katikati ya vidole na kwenye mikunjo. Uloweke dakika 15 katika maji yenye dawa kidogo, kwa kipimo utakachoonyeshwa na mhudumu. Usikisie mwenyewe, kwa sababu dawa ikizidi inachoma. Kausha kabisa kwa kitambaa safi. Paka mafuta ya kulainisha ngozi ili isipasuke. Ukiketi, uinue mguu juu ya kigoda, na uwe unakunja na kunyoosha kifundo. Bandeji ifungwe na mtu aliyefundishwa, na soksi na kiatu kikubwa vifuate. Huko kaskazini mwa Ethiopia wagonjwa 696 walijaribiwa kwa njia hii rahisi, na waliotunzwa hivyo walipata mashambulizi machache kuliko waliokuwa bado wanangoja zamu. Ni mambo ya maji, sabuni na subira.

Mashambulizi ninayosema wenye ugonjwa wanayajua. Ghafla mguu unakuwa wa moto na mwekundu, mitoki inatokea kinenani, homa inapanda na kutetemeka, mtu analala siku kadhaa. Siku hizo lala, inua mguu, upoze kwa kitambaa kilicholowa maji safi, kunywa maji mengi, na tuma mtu akamwite mhudumu. Usifunge bandeji. Na usikubali mtu yeyote akuchanje kwa wembe ili maji yatoke. Nimeona kidonda cha namna hiyo, sitaki kukiona tena.

Nirudi Bwaise.

Nilipokwisha kusoma haya yote nilirudi peke yangu, nikamwomba mshenga anipeleke tena kwa wenye nyumba. Walinipokea vizuri. Nilieleza kama nilivyowaeleza ninyi, maharage, karani, na wale 54 wa Kamwenge. Nilisema wazi kwamba binti yao mtarajiwa huenda amerithi udhaifu huo, na huenda hakurithi. Na akirithi, huenda watoto wake wengine wakapata na wengine wasipate. Sikutaka kuficha. Ukificha leo, kesho ukweli unakuja na hasira. Lakini nilisema pia kwamba binti huyo ana miaka 22, miguu yake ni mizima, na anavaa viatu vya kufunika tangu alipoanza kazi sokoni.

Baba wa kijana alinyamaza. Mjomba wa kijana, mzee wa makamo, ndiye aliyesema. Alisema: "Sisi tulikuwa na shangazi, huko nyumbani. Alikuwa na mguu kama ule. Tulisema alikanyaga dawa ya jirani, na jirani yule tulimfukuza." Hakuna aliyemjibu. Mama wa kijana alianza kukusanya vikombe ingawa chai ilikuwa haijaisha.

Nawaambia hili si kwa kuwacheka. Sisi tuliotoka milima ile ile, tumelima udongo ule ule na kuoana miaka mia, nani kati yetu anaweza kusema ukoo wake hauna? Wengine wagonjwa wao walifichwa vyumba vya nyuma mpaka wakafa, na ukoo ukaitwa safi. Wale wanaoonekana leo ndio wanaobeba aibu ya wote.

Halafu baba wa kijana akaniuliza: "Na wajukuu je?" Nikamwambia: "Baba, wavisheni viatu tangu siku wanapoanza kusimama." Akasema atazungumza na ndugu zake. Mpaka ninapoandika haya hawajaleta neno. Vijana wenyewe bado wanapigiana simu, hilo ninalijua kwa sababu salio wanakopa kwangu.

Kwa wale wenye miguu iliyovimba, au mnaoona dalili nilizotaja, tunakutana kila Jumatano saa tatu asubuhi nyuma ya zahanati, upande wa tangi la maji. Njoo na beseni, kipande cha sabuni na kitambaa safi. Yule mama yupo, ndiye anayewaonyesha wengine namna ya kuosha, na mguu wake wa kulia sasa unaingia kwenye kiatu cha kitambaa alichoshonewa na fundi wa hapa. Wa kushoto bado. Asiyeweza kutembea amwambie kiongozi wa kijiji chake, nitakuja nyumbani.